Kabla hujampeleka mdogo wako nyumba ya maombi

Dada, pole sana. Unasema mdogo wako ametoka gerezani, anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga (heroini), hospitali ya Muhimbili, na mchungaji yuko tayari kumpokea kwenye nyumba ya maombi ya wanaume wanaoacha unga kwa sharti aache methadoni siku ya kwanza. Mahali kama hapo panaweza kumshika kweli: sala za alfajiri, kazi za shamba, wenzake waliopita njia hiyohiyo. Hilo silidharau hata kidogo.

Ila methadoni asikatishwe ghafla, tafadhali. Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa, itamrudisha kijiweni, na mwili uliokaa bila unga hauihimili tena kete aliyoizoea zamani. Wengi hufia hapo. Muhimbili wanatoa dawa hiyo bure tangu 2011. Ongea na wauguzi wa kliniki kwanza, na mchungaji akubali aende kunywa dozi yake kila siku. Akikataa, tafuta nyumba nyingine.

Kisha nenda mwenyewe bila kutoa taarifa. Angalia wanapolala. Mlango unafungwa kwa nje? Kuna aliyetiwa mnyororo? Ukikuta hivyo, usimwache hapo. Zungumza na kijana mmoja pembeni, msimamizi asisikie.

Na yeye mwenyewe anasemaje? Katika maelezo yako yote sijaona neno lake. Muulize leo.