Gari Limefika Kutoka Japani: Oili Zipi Zibadilishwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi uliopita nilipokea katika bandari ya Dar es Salaam gari aina ya Nissan X-Trail la mwaka 2010, lililotumika Japani, lenye injini ya lita 2.0, giaboksi ya CVT na linalovuta kwa magurudumu yote manne. Odometa inasoma kilometa 84,000. Fundi mmoja ananishauri nibadilishe oili ya injini pekee, ilhali mwingine anataka kuisafisha giaboksi kwa mashine na kuijaza haidroliki ya kawaida, yaani oili ya giaboksi za otomatiki. Nimsikilize nani? Msomaji, Iringa.

JIBU: Ndugu msomaji, usimfuate yeyote kati yao, na huyo wa pili usimruhusu kabisa aiguse giaboksi.

Giaboksi ya CVT haina gia za kupanda na kushuka kama zile tulizozizoea. Ndani yake mna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na nguvu yote ya injini hupitia pale mkanda unapogusana na puli, pakiwa na utando mwembamba tu wa oili. Oili hiyo hutengenezwa ili ilainishe bila kuuacha mkanda uteleze, na kwa gari lako ni ile iitwayo NS-2. Haidroliki ya kawaida haina sifa hiyo. Ukiiweka, mkanda huteleza, huchubua puli, na unga wa chuma husambaa hadi kwenye vali. Ikifikia hapo, kumwaga na kujaza upya hakusaidii tena, bali utatafuta giaboksi nyingine. Huniuma sana kuona mtu aliyejinyima kwa miaka ili apate gari akiingia hasara hiyo kwa ajili ya lita chache za oili isiyostahili.

Mashine nayo iache, kwa sababu hujui giaboksi hiyo ilitunzwaje. Mwambie fundi afungue nati ya chini, apime kiasi kilichotoka, arudishe kiasi hichohicho cha NS-2, kisha ahakikishe kipimo oili ikiwa na joto. Kwa njia hii hutoka karibu nusu tu ya oili yote, kwa hiyo rudia kazi hiyo baada ya kilometa elfu chache.

Kabla ya hayo, tazama kwenye fremu ya mlango wa dereva na chini ya boneti, kwani gereji za Japani hubandika hapo karatasi ndogo yenye tarehe oili ilipobadilishwa na kilometa za gari siku hiyo. Mara nyingi mwaka huandikwa kwa hesabu ya enzi za wafalme wao: ukikuta 26 ya enzi ya Heisei, jumlisha 1988 upate 2014, ukikuta 4 ya enzi ya Reiwa, jumlisha 2018 upate 2022. Kilometa hizo za siku ya kubadilisha oili zikizidi zile za odometa, basi odometa imerudishwa nyuma, na huna budi kulihudumia gari kama lililotembea sana.

Mafuta ya breki ndiyo ambayo wengi huyasahau, nawe unayeshuka mteremko mkali wa Kitonga huwezi kuyapuuza. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa: kwa kiwango cha DOT 3, yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka mteremkoni, mvuke hujaa kwenye mabomba na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Yabadilishwe yote, na hewa itolewe kwenye kila gurudumu.

Kwenye rejeta usijaze maji ya bomba, ambayo huleta kutu na magaga. Weka kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa, wala usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Difu ya nyuma na transfa, yaani visanduku vya gia vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, zinahitaji oili ya gia ya daraja la GL-5.

Oili ya injini iwe 5W-30, pamoja na filta mpya, wala usikubali oili nzito ya 20W-50 kwa hoja kwamba huku kwetu kuna joto. Imwage tena baada ya kilometa 2,000, kwa kuwa ile ya kwanza itakuwa imekusanya uchafu wa zamani. Kisha bandika karatasi yako mwenyewe juu ya ile ya Japani, uandike tarehe, kilometa na jina la kila oili uliyoweka.