Maji Moto na Joto la Vyumba katika Nyumba ya Wageni

SWALI: Ninamiliki nyumba ya wageni ya ghorofa moja yenye vyumba 20 mjini Njombe. Kila bafu lina hita yake ya umeme, na asubuhi za Juni na Julai, wageni wanapooga kwa pamoja, swichi kuu hukatika. Usiku wengine huomba jiko la mkaa chumbani, nasi huwapelekea. Nimeshauriwa ninunue boila kubwa la kuni kwa jengo zima. Je, nifuate ushauri huo?
Msomaji, Njombe

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuzungumzia boila, nakusihi majiko hayo yasiingie tena chumbani kuanzia usiku wa leo. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mgeni aliyelala huku amefunga madirisha kwa sababu ya baridi anaweza kufa bila kuamka. Mpatie blanketi la ziada.

Hita moja ya bafuni huweza kutumia kilowati 5. Kumi zikiwashwa pamoja ni kilowati 50, na kuweka swichi kubwa zaidi bila kubadili nyaya ni kukaribisha moto. Tangi la pamoja huondoa msongamano huo. Wageni 20 wakitumia lita 40 za maji moto kila mmoja, hizo ni lita 800, na kuzipasha kutoka nyuzi 15 hadi 55 za Selsiasi huhitaji takriban uniti 37 za umeme. Hesabu hiyo haipungui kwa kuwa na tangi, ila kazi husambaa mchana kutwa, na sehemu kubwa yake yaweza kufanywa na jua.

Kwa hiyo mimi ningechagua sola ya maji moto yenye hita ya akiba kwa siku za ukungu. Mabanzi ya misonobari ni mengi kwenu, lakini boila linadai bomba la moshi, valvu ya usalama na mtu wa kuchochea moto kila alfajiri. Kwa vyumba 20 naona ni mzigo. Paneli zielekezwe kaskazini, kwa kuwa mpo kusini mwa ikweta na katika miezi ya baridi jua hupita upande huo. Maji tangini yafikishwe nyuzi 60 mara kwa mara ili kuua legionela, bakteria wa majini wanaoleta homa kali ya mapafu, kisha yachanganywe na ya baridi kabla ya kufika bafuni yasije yakamuunguza mtu.

Joto la vyumba lianzie kwenye jengo lenyewe. Ziba nafasi kati ya ukuta na paa, weka dari palipo wazi, na badilisha madirisha ya vioo vya vipande vipande yasiyofunga sawasawa, kwani hita yoyote utakayoinunua kabla ya hapo itapasha upepo wa nje. Mabomba ya maji moto nayo yavishwe povu la kuhifadhi joto, hasa yanayopita juu ya dari. Kazi ya umeme mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, naye apime mzigo wa jengo zima kabla hujalipia kifaa chochote.