Spika ndefu sebuleni: besi ikinguruma, anza na kochi kabla ya ampu

Mkuu, nimekusoma. Umeletewa spika ndefu, za zamani kidogo, kutoka Uingereza, umezifunga sebuleni kila moja kwenye kona yake pembeni ya TV, na sasa besi inanguruma mpaka glasi zinagongana kabatini, ila mwimbaji anasikika kama kaingia ndani ya mtungi. Fundi kakuambia ampu yako (kikuza sauti) ya wati 80 haiziwezi. Unauliza ununue ya wati 400 au uanze na nyaya za bei mbaya.

Usinunue kitu. Mimi nilipita huko huko na nikaambiwa hayo hayo. Nikauza ampu nzuri kwa bei ya kutupa, nikanunua kubwa zaidi, na ngurumo ikabaki pale pale, safari hii kwa nguvu zaidi.

Zangu ni KEF R11, nilizichukua mtumba mwaka 2021. Zilikuja kwenye kontena la kuchangia nafasi na sitasahau siku ya kuzipokea: kila moja inakaribia kilo 38 na ina urefu wa mita 1 na robo, mzigo wa watu wawili wenye migongo mizima. Wufa nne, yaani koni za besi, kila upande, halafu juu kuna koni ya sauti za kati ambayo twita, kile kispika kidogo cha sauti kali, imekaa katikati yake kabisa. Mbinu hiyo KEF wanayo tangu 1988. Kampuni yenyewe ilianzishwa 1961 na Raymond Cooke, injinia aliyewahi kufanya kazi BBC, huko Maidstone, Kent. Nakutajia hayo kwa sababu moja tu: spika ikitoka kwa watu wanaopima kila kitu namna hiyo, halafu kwako ikasikika vibaya, mshukiwa wa kwanza ni sebule yako. Mimi ilinichukua miezi 8 kulikubali hilo.

Sebule yangu ipo Kigamboni. Urefu mita 5.2, upana 3.9, dari ipo mita 2.8. Tofali za saruji, chini marumaru, dirisha kubwa la alumini, juu jipsamu. Yaani sebule ya kawaida ya mtu aliyejikongoja mpaka akahamia. Kabla ya zulia, ukipiga kofi moja katikati unasikia "trrr" kama mtu kaburuza kijiti kwenye bati. Huo mlio ni sauti inayoruka ukuta kwa ukuta bila kupata pa kufia.

Sasa twende kwenye besi, maana hapo ndipo penye ugomvi wako. Kwa joto letu la nyuzi 27, sauti inakwenda karibu mita 347 kwa sekunde. Chukua urefu wa chumba, zidisha mara mbili, halafu gawa 347 kwa jibu hilo. Kwangu ni 347 kwa 10.4, unapata hezi 33, yaani mitetemo 33 kwa sekunde. Huo ni mlio ambao chumba chenyewe kinapenda kuuimba, na maradufu yake, hezi 67, nao kinaupenda. Fanya hivyo hivyo kwa dari: 347 kwa 5.6, unapata 62. Ona ajali iliyonipata: 62 na 67 zimekaa jirani, na mitaa hiyo ndiyo gitaa la besi linakoshinda kutwa kwenye dansi na rhumba. Kila mpigaji akigusa noti ya B au C ya chini, chumba kinaidaka na kuing'ang'ania. Akihamia noti nyingine, besi inakonda ghafla. Wageni walikuwa wananisifia "muziki mnene huu", kumbe ni noti mbili tu zinazojitutumua, nyingine zimefunikwa.

Kingine ni kwamba besi inajirundika kwenye kuta, na kwenye kona zaidi, kwa kuwa hapo kuta mbili na sakafu vinaisukuma kwa pamoja. Sasa fikiria ulivyopanga, na nilivyokuwa nimepanga mimi: spika kwenye kona, kochi limegusa ukuta wa nyuma. Spika inamwaga besi rundoni na wewe masikio yako yamekaa kwenye rundo la upande wa pili. Weka ampu ya wati elfu hapo, utapata rundo kubwa zaidi.

Kama huniamini, weka wimbo wenye besi inayotembea, uache ujirudie, halafu tembea taratibu kutoka ukuta wa nyuma kuelekea kwenye TV. Kuna hatua utafika besi inakaribia kupotea kabisa. Ampu ni ile ile, nyaya zile zile.

Mimi nilifanya Jumamosi moja mama watoto akiwa kwenye shughuli ya dada yake, maana mipango hii haitaki kikao. Nilimwita jirani, tukachukua futi (tepu ya kupimia) na selotepu ya karatasi ya mafundi rangi. Kwanza kochi. Tulilivuta mbele mita 1.1 kutoka ukutani. Kwa hesabu nilitaka 1.3, robo ya urefu wa chumba, kwa kuwa hapo ndipo wimbi la hezi 67 linapolala, yaani halisikiki sana, ila mlango wa korido ukakataa. Tukaketi, tukarudisha wimbo ule ule. Jirani yangu, ambaye muziki kwake ni redio ya kwenye gari tu, akaniangalia akauliza: "Umebadilisha nini? Mbona sasa gitaa linaongea?" Spika tulikuwa hatujazigusa.

Baadaye ndipo tukahamia kwenye spika. Tulizitoa kwenye kona, tukaacha sentimita 75 kati ya mgongo wa boksi na ukuta, na 75 nyingine kutoka ukuta wa pembeni mpaka katikati ya spika. Kutoka spika hadi spika ikabaki mita 2.4. Tulijaribu pia kuzileta mbele zaidi, mita nzima na ushee, besi ikawa nyepesi hadi ngoma zikakosa tumbo, tukazirudisha. Hapa usitegemee namba zangu. Sogeza sentimita 10, sikiliza, weka alama kwa selotepu, sogeza tena. Ukishachoka, zima nenda kalale, kesho masikio yatakuambia alama ipi ilikuwa sahihi.

Miezi kadhaa mbele nilinunua kipaza sauti cha kupimia, UMIK-1, na kupakua programu ya bure inayoitwa REW. Nilirudisha kila kitu kilipokuwa zamani kwa jioni moja, nikapima, nikaja kwenye mpangilio mpya nikapima tena. Kile kilima cha hezi 65 kilikuwa kimezipita noti jirani kwa desibeli 11 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kikashuka hadi 4. Gharama ya kazi yote ni soda mbili za jirani.

Baada ya besi, sauti ya mwimbaji. Tafuta rekodi ya mono, dansi la zamani zipo nyingi. Mono inatoa kitu kile kile kwenye spika zote mbili, kwa hiyo mwimbaji anatakiwa asimame katikati, hewani, pasipo na spika. Akiwa amevutwa kulia au kushoto, pima kwa futi kutoka pua yako hadi kila spika. Kwangu moja ilikuwa mbele kwa sentimita 6 na nilikuwa naapa kwamba zimelingana. Akiwa hana mahali, yaani yupo kila kona na huwezi kumnyooshea kidole, na besi nayo imekimbia, kuna uwezekano nyaya za spika moja zimegeuzwa, chanya imeingia hasi. Nilikaa hivyo mwezi mzima baada ya fundi mmoja kuja kunifungia kabati, akachomoa na kurudishia. Namna ya kuhakiki: chomoa waya upande wa ampu, gusisha betri ya saa ya ukutani ya volti 1.5, chanya kwa chanya, nusu sekunde tu. Wufa zikiruka kuja mbele, uko sawa. Zikirudi ndani, umegeuza.

Kuzielekeza masikioni? Inategemea spika. Zangu nimezikunja kidogo tu, nikiwa nimekaa bado naona ubavu wa ndani wa boksi. Nilipozikaza moja kwa moja usoni, fidla kwenye taarabu ikawa kama inanichoma sindano.

Nyaya hazitaki maneno mengi. Waya wa shaba laini wa milimita 2.5 kutoka duka la vifaa vya umeme, mita 4 kila upande, umemaliza. Kwenye ampu ngoja nikupe hesabu moja uiweke mfukoni: kutoka wati 100 kwenda 200 unapata desibeli 3 tu, na ili sikio liseme "hii sasa ni mara mbili" unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati 1 kama zangu, wati hiyo moja inatosha jirani kukusikia. Usiku nikisikiliza peke yangu nadhani sifiki hata hapo. Ampu yako ya wati 80 uliyoitaja inatosha sebuleni. Ninachotaka ukiangalie nyuma yake ni volti, kwa vile zinazotoka Japani ni za volti 100 na za Marekani ni 120, na soketi yetu ni 230. Pia umeme ukikatika, chomoa plagi. Unaporudi huwa unarudi kwa hasira, na mimi ampu yangu ya kwanza nilishaizika hivyo.

Kuhusu ule mlio wa kofi: zulia nene kati yako na spika, pazia zito la mikunjo dirishani, kabati la vitabu upande mmoja. Mimi nina godoro la zamani la sufi, nimelisimamisha nyuma ya kochi na kulishonea kitambaa cha kitenge. Wageni wanadhani ni urembo. Trei za mayai achana nazo, zinapunguza ukali kidogo sana juu na besi inazipita kama hazipo. Hata sponji ile ya vigongo inayouzwa kwa ajili ya studio, kwa besi haifanyi kitu, ni nyembamba mno.

Kama ukuta unakubana na huwezi kuzileta mbele, ziba tundu la besi la nyuma. Zangu zilikuja na vizibo vya sponji vya kazi hiyo hiyo, watoto wakavigeuza mipira vikapotea. Nikatumia soksi za shule, mbili zimekunjwa pamoja kila tundu. Zinafanya kazi vizuri tu, besi inakaza na kupungua. Siku nilipozitoa, nikamulika ndani ya tundu kwa simu nikakuta kalamu tatu, chanuo na biskuti iliyoumwa mara moja. Spika ya mamilioni, jamani. Tangu siku ile vitambaa vya mbele havitoki, maana ile twita ya katikati ya koni inamwita mtoto wa miaka mitatu aiguse kama kitufe cha lifti.

Misumari ya chini ya spika usiiweke moja kwa moja kwenye marumaru, itachora na boksi litateleza ukilisukuma. Weka sarafu ya shilingi 200 chini ya kila msumari. Hapo pia hakikisha boksi halitikisiki, lisukume kwa kidole kileleni.

Na kwa kuwa umesema zako ni za zamani kidogo, vua kitambaa uangalie ukingo unaozunguka koni za besi. Ukiwa wa raba, sawa, utakaa. Ukiwa wa sponji, ubonyeze polepole kwa ncha ya kidole. Joto na unyevu wa Pwani vinaula, na ukibaki na unga mweusi kidoleni ujue besi yako ina mgonjwa tayari, usiongeze sauti mpaka ubadilishiwe ukingo. Huku kwetu karibu na bahari chumvi nayo inashambulia vichwa vya kufungia nyaya nyuma, vinaota ukijani. Kila baada ya miezi sita nafungua, nakata ncha ya waya, navua plastiki upya.

Leo usiku usiguse kingine, fanya la kochi tu. Livute mita moja toka ukutani, weka wimbo ule ule unaokukera, ukae. Halafu rudi hapa utuambie ile noti imepungua au la, na utaje urefu, upana na dari ya sebule yako ukiwa umevipima kwa tepu, sio kwa kukadiria. Nitakupigia hesabu tujue spika tuzisogeze wapi. Shemeji akiuliza kochi linafanya nini katikati ya nyumba, mwambie unasafisha nyuma yake.