Leza ya macho ukiwa na miaka 22

Kama namba ya miwani imebadilika mwaka huu tena, mi nakwambia subiri kwanza ndugu yangu, maana leza ya kuachana na miwani inachonga konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, kwa namba ya siku hiyo, ikisogea tena unarudi kwenye miwani na konea ishapungua. Acha itulie angalau mwaka mzima. Siku ya vipimo usiende umetoka kuvaa lenzi za machoni, zile laini zivue wiki moja mbili kabla, zinabadilisha umbo la jicho vipimo vinadanganya. Na ukavu wa macho baada ya leza uulizie sana!! ndo unasumbua wengi, unaweka matone hadi miezi, usiku taa unaziona na duara la mwanga. Ukiambiwa konea nyembamba, usizunguke kutafuta daktari wa kukukubalia, ulizia lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho.