Kiuno kikiuma kwenye kruza, usikimbilie kusogeza vikanyagio mbele

SWALI: Salaam fundi. Nina kruza, ile pikipiki ndefu yenye siti ya chini, ya sisi (cc) 650 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kimo changu ni futi tano na inchi sita. Nikitoka Bamburi kwenda Malindi, nikifika Kilifi kiuno kimeshika, nikishuka sinyooki. Vikanyagio vyake vya kuwekea miguu vipo katikati, chini ya magoti. Fundi wa mtaani kwetu ameniambia dawa ni kuvisogeza mbele inchi nane ili miguu inyooke, na kwamba pedeli ya breki na liva ya gia atazichomelea kwa siku moja. Nimkubalie? – Msomaji, Bamburi

JIBU: Usimkubalie, ndugu yangu. Na kama umeshampa pesa za kuanzia, nenda kazichukue leo.

Swali hili naletewa kila mara, na kila mara chini yake ipo imani ileile: kwamba miguu ikinyooka mbele, mwili umepumzika. Imani hii imetoka kwenye picha. Watu wamemwona mwendeshaji wa Marekani amejitandaza kwenye lami iliyonyooka, haina tuta wala shimo, wakaamini hiyo ndiyo raha yenyewe. Barabara yetu ya Malindi hawakuifikiria.

Vikanyagio vikiwa chini ya magoti, miguu inabeba sehemu ya uzito wako. Ukiliona tuta, unakanyaga kidogo, makalio yanaachana na siti, na magoti yanalipokea tuta kabla halijafika kiunoni. Vikienda mbele, msaada huo umekwisha, kwa sababu mtu hawezi kusimama juu ya kitu kilicho mbele yake. Uzito wote unakalia kifandugu na pingili za chini za mgongo. Unakuwa gunia la mchele juu ya mkokoteni: kila shimo kati ya Mtwapa na Kilifi linapanda moja kwa moja mgongoni. Na shokabzoba za nyuma za kruza nyingi zina mwendo mfupi, kwa sababu pikipiki yenyewe imeshushwa ili siti iwe chini, kwa hiyo usizitegemee kukuokoa. Ukifika kilomita 80 kwa saa, upepo nao unakisukuma kifua nyuma, miguu haina pa kujizuia, basi unajishikilia kwa mikono hadi mabega yanawaka.

Yaani mgonjwa wa kiuno anaandikiwa dawa ya kuongeza mzigo kiunoni. Hili ndilo linaloniudhi kupita yote.

Vikanyagio vya mbele vina wenyewe. Mtu wa futi sita na zaidi, ambaye magoti yake yanakaribia kugonga tangi, vitamfaa. Mwenye goti bovu lisilokunjika vizuri pia. Wewe wa futi tano na inchi sita, ukivipeleka mbele inchi nane utaifikia breki kwa ncha ya kidole, na itabidi uteleze mbele ya siti kila unapotaka kuikanyaga.

Fanya kipimo hiki nyumbani. Mwenzio aishike pikipiki wima kwa mbele. Panda, weka miguu kwenye vikanyagio, mikono uiweke mapajani. Sasa jaribu kuinua makalio kutoka kwenye siti bila kushika usukani. Ukiweza, hata kwa shida kidogo, vikanyagio vyako viko mahali pake na tatizo liko kwingine. Ukishindwa kabisa, basi kwa mwili wako viko mbele mno tayari.

Waliobuni Kawasaki Vulcan S, ambayo ni kruza ya sisi 649, waliweka vikanyagio vinavyohamishika ili wenye vimo tofauti wakae vizuri. Viliwekewa nafasi tatu: ya kati, kama inchi moja mbele yake, na kama inchi moja nyuma yake. Na bado wakaandaa siti na usukani wa kubadilisha viende pamoja na vikanyagio, kwa sababu walijua mtu hakai kwa miguu peke yake. Watu waliounda pikipiki nzima wamecheza na inchi moja. Wa mtaani kwenu anataka nane kwa siku moja.

Kwa ulivyoeleza, mimi ningeanza na usukani. Ukinyoosha mikono kuufikia, mgongo wa chini unapinda, na mgongo uliopinda kwa saa nzima lazima ushike. Legeza vibano vinavyoushika, uuzungushe uje kwako kidogo, kisha uhakikishe kebo ya klachi na mpira wa breki haviwi kama kamba iliyovutwa ukikata kona hadi mwisho. Halafu tazama siti: sponji ya pikipiki iliyotumika miaka mingi huwa imelala katikati na inakuketisha juu ya kifandugu. Mshona siti mzuri atakuwekea sponji ngumu zaidi, na hapo ndipo ningeweka pesa zangu. Mwisho liva ya gia. Fimbo yake ina uzi wa nati pande zote mbili, na nati moja kwa kawaida hufunguka kinyume, kwa hiyo usiilazimishe. Ishushe au uipandishe mpaka kiatu kiingie chini yake bila kupinda kifundo cha mguu.

Ukihitaji kunyoosha miguu safarini, vipo vikanyagio vya kupumzishia vinavyofungwa kwenye chuma cha kukinga injini, huku breki na gia zikibaki pale pale. Vitumie ukishaipita Kilifi na barabara ikiwa wazi tu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unakata mita 22 kila sekunde, na sekunde hiyo ndiyo ya kurudisha mguu kwenye breki.

Sasa nije kwenye kuchomelea. Niliwahi kuletewa kruza kutoka Likoni, pedeli ya breki imerefushwa kwa kipande cha nondo ya ujenzi. Nilipoikanyaga, nondo ilijipinda kwanza, na breki ikaanza kushika mguu ukiwa umeshateremka sana. Nilipoachia, haikurudi yote; taa ya breki ikabaki inawaka na dramu ya breki ilikuwa ya moto, ingawa mwenyewe alikuwa ametoka kivukoni tu. Kikanyagio nacho kilichomelewa kikawa hakijikunji. Kikanyagio kinatakiwa kijikunje kirudi juu kikigusa lami kwenye kona. Kisipojikunja kinaweza kuinyanyua tairi ya nyuma, na hapo umeanguka.

Kwenye kruza breki ya nyuma si ya mapambo. Pikipiki ni ndefu na iko chini, kwa hiyo tairi ya nyuma inashiriki kusimamisha kuliko kwenye pikipiki fupi. Na ukiteremka ngazi ya feri, bati limelowa na watu wamekubana kila upande, klachi na breki ya nyuma ndizo zinazokushikilia.

Wala si wa kruza peke yao. Bodaboda nao wanachomelewa pedeli zilizopinda, wanaongezewa fimbo, wanakatiwa springi ya kurudishia ili breki iwe laini. Kitu chochote kilicho kati ya mguu wako na breki hakichomelewi. Kikivunjika, nunua kingine. Mwenye kimo kinachodai vikanyagio vya mbele anunue seti nzima iliyotengenezwa kwa modeli yake, yenye fimbo na mabano yake. Hapa pwani kuna la ziada: chumvi ya hewani inakula mshono wa kuchomelea kwa haraka, na ukipakwa rangi juu huoni kitu mpaka siku umekatika.

Ambaye tayari amefanyiwa, aangalie leo. Inua tairi ya nyuma, ikanyage pedeli kwa nguvu kisha uiachie: tairi izunguke huru mara moja na taa izime. Kwenye breki nyingi za dramu pedeli inacheza milimita 20 hadi 30 kabla haijaanza kushika. Kitabu cha pikipiki yako kitakupa kipimo chake hasa. Ikikwama, au mshono ukionyesha ufa mwembamba kama unywele, usiipande kuipeleka gereji. Ipakie kwenye pikapu.