Waogiek walishinda kesi, lakini hati ya ardhi iko wapi?

Umeuliza kwa nini Waogiek, jamii ya wawindaji wa msitu wa Mau nchini Kenya, bado wanafurushwa ilhali walikwisha kushinda kesi. Ni kweli walishinda: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki zao, na tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 na, lililo zito zaidi, wapimiwe ardhi yao na kupewa hati ya umiliki wa pamoja. Hapo kwenye ardhi ndipo penye mvutano, kwa kuwa Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinahesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma, huku Kifungu cha 63 kikitambua ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii. Kwa maoni yangu utata huo unatiwa chumvi, kwani serikali imechagua kusoma kifungu kinachoifaa. Mnamo Novemba 2023, zaidi ya mwaka mmoja baada ya agizo hilo, nyumba zilibomolewa tena Sasimwani, Narok.