Fundi Anajibu: Flenji kwanza au zinki kwanza?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepata kazi ya bomba la maji la inchi 4, vipande vya mita 3, kila kimoja na flenji (kisahani cha chuma chenye matundu ya bolti, cha kuungia bomba) pande zote mbili. Litafukiwa shambani karibu na bahari. Mteja ameshanunua mabomba yenye zinki. Nichomelee flenji halafu nipake rangi ya silva kwenye mishono? — Fundi wa kuchomelea, Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu. Kama duka bado linapokea, yarudishe, uchukue mabomba meusi, yasiyo na zinki. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, na moto wako unayeyusha chuma kwenye 1,500 hivi. Mshono na kando zake zitabaki tupu. Na ule moshi mweupe ukiuvuta, usiku utatetemeka kama mwenye malaria. Silva ni pambo tu.

Chomelea kila kitu, ndipo upeleke kiwandani kuchovya kwenye zinki iliyoyeyuka. Flenji ichomelewe ndani na nje, mfululizo. Ukiacha upenyo, tindikali ya kusafishia inajificha humo, kisha inatoka taratibu na kuacha michirizi ya kahawia. Kipande chenye mwisho uliozibwa kitoboe: karai la zinki lina nyuzi 450, unyevu uliofungiwa unageuka mvuke na kupasua bomba mbele ya watu.

Magamba ya kuchomelea yagonge yote, tindikali haiyatoi. Rangi vilevile. Mimi niliwahi kuandika namba kwenye vipande kwa rangi ya mafuta, nikajiona mpangilifu. Vilirudi vinang'aa, na 7 yangu nyeusi ti, zinki imeikataa. Siku hizi nagonga namba kwa patasi.

Matundu ya bolti yazidishe milimita 2 hivi, maana zinki inayabana. Uso wa flenji upitishie tupa kabla ya kuweka gasketi, ile pete ya kuzuia maji kati ya flenji mbili. Kitone kimoja kilichoganda kinatosha kuvujisha.

Sasa udongo wako. Kwa bomba la unene wa milimita 3 hadi 6, kiwango cha kimataifa cha kuchovya zinki, ISO 1461, kinataka zinki ya wastani wa mikroni 70, karibu unene wa unywele. Udongo wa chumvi unaila upesi. Kaza bolti, jaza maji yenye presha, uache usiku kucha. Asubuhi pitisha kiganja chini ya kila flenji. Pakiwa pakavu, zungushia utepe wa grisi bomba lote, bolti na nati zifunikwe kabisa, kisha mwaga mchanga laini wa mtoni, usio na mawe. Wa ufukweni usiuguse.